Goti la Mtahini

Mtu ambaye wanafunzi wake wamempachika jina la Rula hana haki ya kulalamika kwamba hawakumwelewa. Profesa alilijua jina hilo na halikumkera. Rula ni kifaa cha heshima. Haimpendelei mtu, haichoki, na haijawahi kumwambia yeyote kwamba mstari wake umenyooka kwa sababu tu amejitahidi. Kilichomkera ni kwamba magoti yake yote mawili yalikuwa yamepinda, na kila mwanafunzi aliyemfuata nyuma kwenye korido ya hospitali aliweza kukadiria kwa jicho yamepinda nyuzi ngapi.

Kazi yake ilikuwa kubadilisha magoti ya watu. Aliitazama picha yake ya eksirei kama ambavyo angeitazama ya mgonjwa yeyote, akatoa uamuzi uleule. Gegedu limekwisha, mfupa unasaga mfupa, dawa za maumivu ni kujidanganya.

"La kulia kwanza," alimwambia mkewe wakiwa mezani. "La kushoto baada ya miezi michache."

"La kulia kweli," mkewe alisema. "Maana kila ukipanda ngazi unalia."

"Silii. Navuta pumzi."

"Basi unavuta pumzi kwa machozi, mume wangu. Majirani wameniuliza nakufanyia nini."

Hapo ndipo ilipoanza shida. Nani angemkata?

Hospitali ilikuwa ya mafunzo, na mafunzo yenyewe yalikuwa ya Profesa kuanzia msingi hadi paa. Ni yeye aliyeileta miwani. Haikuwa miwani ya kufunika macho. Vioo vyake vilikuwa safi, na aliyeivaa aliendelea kuiona meza, msumeno na mfupa wa plastiki uliobanwa mbele yake, ila juu ya mfupa ule aliona pia mistari isiyokuwepo: bluu mahali pa kukatia, nyekundu mahali pa kutogusa, na pembeni tarakimu za nyuzi zikipanda na kushuka kadiri mkono ulivyoyumba. Mwisho wa zoezi miwani ilitoa alama. Zamani madaktari walijifunza ubingwa wa mifupa kwa kumtazama mkubwa wao na kwa kukaripiwa. Sasa kufundisha kulifanywa na mistari, na kukaripia kukabaki kazi ya Profesa.

Miwani ilikuja ikijua lugha za watu wengine. Fundi wake, kijana mwenye adabu na kompyuta iliyobandikwa vibandiko kila upande, alimketisha Profesa katika chumba kimya akamwomba atamke kila amri mara nyingi, kwa sauti tofauti tofauti, ili mashine iizoee.

"Sauti za hasira tunazo za kutosha, Profesa," fundi alisema baada ya muda. "Tujaribu ya kawaida."

"Hiyo ndiyo ilikuwa ya kawaida."

Amri hazikuwa nyingi. "Inua" ilipandisha mstari wa kukatia. "Shusha" iliuteremsha. "Rudi" ilifuta vipimo vyote na kuanza upya. Ilipofika amri ya kupunguza mwendo wa picha, fundi alipendekeza "polepole".

"Kwa nini niseme neno mara mbili?" Profesa aliuliza. "Pole. Yatosha."

"Lakini Profesa, pole ni neno ambalo watu..."

"Ni neno la silabi mbili. Andika."

Fundi alikuwa amelelewa kuwaheshimu wakubwa. Akaandika.

Wanafunzi wengi hawakuona tofauti. Aliyeiona ni daktari mmoja ambaye kabla ya kuja kusomea ubingwa alikuwa amekaa wodini muda mrefu, na wodi ilikuwa imemwingia mdomoni. Alimwambia pole mgonjwa, pole ndugu wa mgonjwa, pole mfagizi aliyeinama, pole mtu aliyejikwaa upande wa pili wa barabara na hakuwa na habari naye. Msumeno ulipougusa mfupa wa plastiki, aliuambia pole mfupa. Miwani ikasikia amri. Picha ikaanza kwenda kwa mwendo wa konokono, saa ya mtihani ikaendelea na mwendo wake, na alama zikaporomoka. Katika orodha ya kila mwezi yeye ndiye aliyekuwa mkiani. Wenzake wakamwita Bi Pole.

"Unamwambia nani pole?" Profesa alimuuliza.

"Mgonjwa, Profesa."

"Mgonjwa yuko wapi? Hii ni plastiki. Imetoka kiwandani ikiwa hivi."

"Ulimi umeteleza."

"Ulimi hauna mfupa. Hapa tunashughulika na vitu vyenye mifupa."

Darasa lilicheka. Bi Pole naye alicheka, kisha akaukata mfupa uliofuata kwa unyoofu ambao Profesa aliupima mara mbili bila kuusifu, kwa kuwa muda ulikuwa umepita na alama zilikuwa mbovu. Mkono mzuri wenye alama mbovu ni mkono mbovu. Hivyo ndivyo alivyoamini, na alikuwa ameliandika hilo, kwa maneno marefu zaidi, katika kanuni za mtihani wa mwisho.

Kanuni hizo zilikuwa fupi. Mtihani ulifanyika kwa mgonjwa wa kweli aliyeridhia, bingwa mmoja akiwa amesimama pembeni tayari kushika kazi. Mgonjwa hakumchagua mtahiniwa na mtahiniwa hakumchagua mgonjwa, foleni ndiyo iliyowakutanisha. Alama zilitolewa na miwani, Profesa akaweka sahihi. Na mtahiniwa atakayeivua miwani kabla ya kumaliza, amefeli, anarudi darasani hadi msimu mwingine wa mitihani.

Mkurugenzi wa hospitali alimsihi Profesa akatibiwe kwingine.

"Nikienda kwingine," Profesa alijibu, "nitakuwa nimesema nini kuhusu hapa?"

Akajiandikisha kwenye foleni kama mtu mwingine yeyote. Foleni ikasogea, siku ikafika, na karatasi ikabandikwa mlangoni: goti la kulia, mwanamume, mtumishi wa hospitali. Mtahiniwa: Bi Pole.

Bingwa wa zamu ya kusimama pembeni alikuwa mwenzake wa siku nyingi, mtu mnene mwenye ucheshi ambaye hakuipenda miwani na hakulificha hilo. Wanafunzi walimwita Nyundo. Aliisoma karatasi, akamsubiri Profesa akokote mguu hadi hapo, akamwonyesha kwa kidevu.

"Mkuki kwa nguruwe mtamu, bwana."

"Foleni ni foleni."

"Sema neno moja tu nikukate mimi. Hakuna atakayekulaumu."

"Nitajilaumu mimi. Na wewe wastani wa mikato yako unapinda."

"Wastani wangu unatembea," Nyundo alisema. "Unapanda ngazi na kuzaa watoto."

Lakini siku hiyo Profesa hakula chakula cha mchana, na mkewe alipomuuliza kama anaogopa, alimweleza kwa kirefu takwimu za maambukizi baada ya upasuaji. Mkewe akamwacha amalize. Kisha akamuuliza tena kama anaogopa.

"Ana alama za chini kuliko wote," Profesa alisema.

"Nani aliyempa?"

"Miwani."

"Na miwani imefundishwa na nani?"

Profesa akaomba chumvi.

Asubuhi ya upasuaji fundi wa miwani aliomba nafasi ya kusema naye kabla hajasukumwa ndani ya theta, chumba cha upasuaji. Alisimama kando ya kitanda akiwa ameshika kofia yake ya theta kama mtu aliyekuja kutoa habari za msiba.

"Profesa, wataka kukaa macho?"

"Nitachomwa ganzi ya mgongoni. Mtahini hasinzii."

"Basi nakuomba usiseme. Hata neno. Ile sauti ndani ya mashine ni yako. Mtu mwingine akisema amri, mashine inafikiria. Ukisema wewe, inatii."

"Nitakaa kimya."

Sista wa theta, aliyekuwa amefanya kazi naye miaka mingi, aligeukia ukuta. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Daktari wa usingizi naye alijaribu. "Naweza kukulaza kabisa, Profesa. Ukiamka una goti jipya."

"Nimesema nitakaa kimya."

Wakamchoma. Miguu ikawa mizito, kisha ya joto, kisha ikaacha kuwa yake. Wakatundika pazia la kijani kifuani pake ili asione, naye akabaki na dari, taa kubwa ya duara, na masikio.

Alitarajia kusikia pole. Alikuwa amejiandaa kuihesabu kila moja. Badala yake hakusikia chochote. Bi Pole alikuwa ameingia akiwa ameufunga mdomo kama mtu aliyejaza maji mashavuni. Hakumsalimu mgonjwa, kwa hofu kwamba salamu ingevuta neno lingine. Alinyoosha mkono, Sista akaweka kisu. Akanyoosha tena, Sista akaweka ndoana ya kutanulia jeraha. Muda wote wa mafunzo Profesa alikuwa akimdai ukimya huu, na sasa alipoupata alilala chini yake akiuona mbaya kupita kiasi. Mtu anayesema, unajua yuko wapi. Huyu alikuwa wapi? Ameshafika kwenye mfupa? Ameona nini hata akasimama?

Kwenye mashine ya daktari wa usingizi mapigo ya moyo yakaanza kukimbia.

"Uko sawa, Profesa?"

Akatikisa kichwa, ndiyo, bila kufungua mdomo. Alikuwa mtu wa ahadi.

Hapo akagundua kitu. Ukutani palikuwa na skrini iliyowaonyesha wote kile ambacho miwani inakiona, na ukingo wa taa ile kubwa ulikuwa wa kioo. Akikaza macho aliweza kuiona skrini ndani ya taa, ndogo lakini wazi. Akauona mfupa wa muundi wake mwenyewe, mweupe kuliko alivyoutarajia. Akauona mstari wa bluu umelala juu yake. Na mstari ulikuwa umeinama upande ambao haukupaswa kuinama hata kidogo.

Akasubiri Bi Pole aurekebishe. Hakuurekebisha. Akasikia msumeno ukijaribiwa hewani.

Kuna watu wanaoweza kumtazama mtu akikosea na wakanyamaza. Huwa hawawi walimu.

"Shusha ndani kidogo," Profesa alisema, kwa upole kabisa, kama anavyosema mtu anayemsaidia mwenzake kuegesha gari.

Mashine ilisikia neno la kwanza na haikuhitaji mengine. Mstari wa bluu ukazama ndani ya mfupa wake. Msumeno ukanyamaza kabla haujagusa kitu.

"Nani amesema?" Nyundo aliuliza.

"Mgonjwa," Sista alijibu.

Bi Pole aliongea kwa mara ya kwanza. "Profesa, mstari ulikuwa sawa."

"Umeinamia nje. Nauona."

"Unauonea wapi?"

Profesa alichelewa kujibu, na katika kuchelewa huko alielewa. "Kwenye taa," alisema.

Nyundo alicheka ndani ya barakoa hadi ikamvimba usoni. "Kwenye kioo, bwana, kila kinyozi anatumia shoto. Mstari ulikuwa umeinamia ndani kwa kiasi kilekile ulichokitaka wewe mwenyewe, na umeuona umegeuka."

Mtu mwingine yeyote angenyamaza hapo. Lakini Profesa alikuwa amekosea mbele ya watu, na kosa kwake lilikuwa kitu cha kusahihishwa papo hapo.

"Basi rudi," alisema. "Rudi pale ulipokuwa."

Miwani ikarudi. Haikurudi pale ilipokuwa, ilirudi mwanzo kabisa, kama ilivyofundishwa. Mistari yote ikafutika. Kila nukta ambayo Bi Pole alikuwa ameigusa kwenye nyonga, kwenye paja na kwenye kifundo ili kuielekeza mashine, ikapotea. Kwenye skrini ilibaki picha ya goti lililofunguliwa, bila tarakimu hata moja, kama magoti yote yalivyokuwa kabla Profesa hajaileta miwani.

"Kuanza upya kutachukua muda gani?" Bi Pole aliuliza.

"Kama ule wa mwanzo," fundi alijibu kutoka pembeni. "Na kama mgonjwa atanyamaza."

Nyundo alitazama mkanda uliokuwa umelibana paja la mgonjwa kuzuia damu. Mkanda una muda wake. "Amua, binti," alisema. "Goti ni lako."

Profesa aliufumba mdomo wake. Alielewa kilichokuwa kinaamuliwa, tena kwa usahihi kuliko wote waliokuwemo. Bi Pole akisubiri mashine ianze upya, mkanda utamdhuru mgonjwa. Akiivua miwani, amefeli. Hakukuwa na mlango wa tatu, na aliyeijenga nyumba hiyo isiyo na mlango wa tatu alikuwa amelala hapo mezani. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Kikasikika kitu chepesi kikiwekwa kwenye trei.

"Sista, nipatie fimbo ya kunyooshea," Bi Pole alisema. "Ile ya zamani."

"Unajua maana yake?" Nyundo aliuliza.

"Najua. Fimbo, Sista."

Fimbo ya chuma ililetwa, ikalazwa kutoka goti hadi kifundo, na Bi Pole akainama kuitazama kwa jicho moja kama fundi seremala anayekagua ubao. Na kwa kuwa hapakuwa tena na mashine ya kumsikia, mdomo wake ulifunguka.

"Pole, Profesa, nakata sasa. Utasikia mtikisiko tu. Pole. Huo ulikuwa muundi, umetoka vizuri. Tunahamia pajani. Hapo nyundo itagonga, usishtuke, ni sauti tu. Pole sana."

Aliendelea hivyo hadi mwisho. Daktari wa usingizi aliandika kwamba mapigo ya mgonjwa yalishuka yakawa ya kawaida tangu miwani ilipovuliwa. Profesa baadaye alilieleza jambo hilo kwa kutaja dawa, jina lake na kipimo chake.

Kesho yake alisimama. Picha ya eksirei ilipoletwa aliomba rula, akaupima mguu mwenyewe, kisha akampa muuguzi aupime bila kumwambia amepata nini. Majibu yalilingana. Mguu ulikuwa umenyooka kuliko miguu mingi aliyoinyoosha yeye.

Bi Pole alikuja wodini mchana, akasimama miguuni pa kitanda.

"Umefeli," Profesa alimwambia.

"Najua, Profesa. Goti je?"

"Goti limefaulu."

"Alhamdulillahi," alisema, akafunua shuka kukagua mshono. "Pole kwa maumivu."

Mkewe alisubiri daktari atoke. "Yaani mtoto wa watu kakupa mguu, wewe umempa sifuri?"

"Sifuri haipo. Imeandikwa 'hakukamilisha'."

"Na imeandikwa kwamba mgonjwa alikuwa anaongea?"

Ilikuwa imeandikwa. Profesa hakuwa mtu wa kuficha ukweli hata unapomhusu. Aliandika kwamba mgonjwa aliingilia mtihani, kwamba aliingilia mara mbili, na kwamba katika mara hizo mbili hakuwa sahihi hata moja. Akaomba bodi ya mitihani ifikirie upya. Bodi ilikaa, ikajibu kwamba kanuni haziitambui sauti ya mgonjwa, na ikamkumbusha hoja ambayo aliwahi kuitoa mwenyewe katika kikao: kanuni inayopindishwa kwa huruma haiwezi tena kumpima mtu. Fundi aliomba angalau ile "pole" ibadilishwe iwe "taratibu". Bodi ikasema baada ya msimu huu. Huwezi kubadilisha mizani huku watu wako foleni.

Miezi ikapita. Mguu wa kulia ulipanda ngazi kama kijana, na wa kushoto ukaufuata kama baba mkwe aliyeburutwa kwenye mkutano.

"Nikukate lini?" Nyundo alimuuliza.

"Magoti mawili yanapaswa kukatwa na mkono mmoja. Ili miguu ilingane."

"Hilo umelisoma wapi?"

"Ni busara ya kawaida."

"Bwana, miaka yote hii sijakusikia ukiitaja busara ya kawaida."

Akaenda kwa karani wa foleni. Karani alimweleza kwa heshima kwamba mgonjwa hamchagui mtahiniwa. Profesa akasema hamtaki kama mtahiniwa, anamtaka kama bingwa. Karani akafungua kompyuta, akasema daktari huyo si bingwa bado, ana mtihani wa kurudia, na aliyeweka sahihi ya kufeli kwake ni Profesa.

Hivyo wiki ile Profesa alijikuta chumba cha mazoezi kabla ya wanafunzi wote. Alimpangia Bi Pole vipindi vya ziada, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu, na alilieleza kwa sababu za kitaalamu. Mfupa wa plastiki ukabanwa mezani. Bi Pole akavaa miwani, akaufunga mdomo. Profesa akasimama nyuma yake, akaegemea fimbo, akatazama.

Mkato wa kwanza ulikwenda vizuri. Katika wa pili Profesa alivuta pumzi kwa nguvu, na Bi Pole akageuka. Katika wa tatu alisema, "Inua," kwa kunong'ona, na mstari ukainuka.

Bi Pole aliizima miwani.

"Profesa, naomba kusema kitu."

"Sema."

"Ukitaka nifaulu, toka nje."

Hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwambia hivyo. Profesa alitafuta kosa katika hoja yenyewe, hakuliona. Akachukua fimbo yake, akatoka, akaufunga mlango taratibu.

Kwenye korido palikuwa na benchi ya mbao. Akaketi, akaunyoosha mguu mbovu mbele yake. Kupitia mlangoni alisikia msumeno ukianza na kusimama. Alama hakuweza kuziona. Hakujua mstari uko wapi, wala kama tarakimu zinapanda au zinashuka, na alikaa akiwa amekunja vidole juu ya fimbo.

Sista alipita na trei ya vifaa, akasimama.

"Profesa, mbona huku nje? Unamsubiri nani?"

"Bingwa wangu."

Sista aliutazama mlango. "Huyo si bingwa bado."

"Ndiyo maana nasubiri," Profesa alisema, akasogea kidogo ili awapishe watu wenye machela.